Ziwa Lililopanda Kila Jumamosi

Mimi sipendi mtu anichezee namba. Ukitaka kunidanganya, nidanganye kuhusu umri wako au idadi ya ng'ombe wa baba yako, nitacheka na maisha yataendelea. Lakini ukiniletea namba ya ziwa, nami ndiye karani wa kuikagua, niletee ya kweli. Ndiyo maana siku ile ya mwaka wa sitini na nne, nilipoziona Jumamosi za kituo cha Kisegi, damu ilinipanda kichwani.

Wacha nieleze hiyo kazi. Ziwa lilikuwa limeanza kupanda kabla ya Uhuru, na Uhuru ukaja ukalikuta bado linapanda. Pale Homa Bay maji yaliingia mpaka ndani ya maghala ya gati. Watu wenye mashamba ufuoni walipanda mtama wakavuna kambare. Serikali ilitaka kujua linapanda kiasi gani na wapi, basi kila kituo kando ya ziwa kikawekewa ubao mrefu uliochorwa futi na inchi, ubao ambao kila mtu aliuita rula. Msomaji wa kituo aliisoma rula asubuhi, kabla upepo haujaamka, akaandika alichokiona, na mwisho wa mwezi karatasi zake zikaja mezani kwangu.

Mimi Bosibori, binti wa Kisii, mwanamke peke yangu katika ofisi nzima, nilizichora namba hizo kwenye grafu, kituo kimoja juu ya kingine, halafu nikatafuta uongo. Ziwa ni moja. Haliwezi kuruka Kisegi na kulala usingizi Homa Bay siku hiyo hiyo. Ukiona hivyo, ama rula imeinama, ama msomaji amekosea, ama ameketi nyumbani kwake akapika namba kama ugali. Wapishi wa namna hiyo nilikuwa nimewakamata kadhaa, na sikuwaonea huruma hata kidogo.

Sasa mstari wa Kisegi. Jumapili mpaka Ijumaa ulikwenda sambamba na vituo vingine, safi kabisa. Ikifika Jumamosi, hop! Inchi mbili juu, mara nyingine mbili na nusu. Jumapili umerudi chini. Jumamosi nyingine, hop! Mwezi baada ya mwezi, kama meno ya msumeno. Nilichukua penseli yangu nyekundu nikazungushia kila Jumamosi, moja baada ya nyingine, nikapeleka karatasi kwa mkubwa wangu, Bwana Onsongo.

Bwana Onsongo alikuwa mtu wa haki, lakini haki yake ilikuwa na haraka. Alitazama grafu, akatazama jina la msomaji.

"Cephas Otieno," akasema. "Si huyu ni mzee wa kanisa la Wasabato?"

Mimi mwenyewe ni Msabato, na katika hasira yangu sikuwa nimelifikiria hilo. Mzee Cephas nilimfahamu. Nilimsikia akiomba kwenye makambi ya kanisa kule Ndhiwa, sala fupi, isiyo na makelele, na watu wazima wakalia.

"Ndiye," nikasema.

"Basi nieleze wewe, maana ni dini yako. Msabato anafanya nini kwenye rula siku ya Sabato? Ama amevunja Sabato, ama hakwenda na amebuni namba. Chagua moja."

Sikuweza kuchagua. Karatasi za vituo vyote zilitakiwa Nairobi juma lililofuata. Onsongo alisema wazi: kama Kisegi ni uongo, kituo kizima kinafutwa, na Cephas anafukuzwa kwa kosa la kughushi. Barua haingekuwa imefika kwake kabla kanisa zima halijajua, kwa sababu habari za namna hiyo hazihitaji stempu. Mzee angeondolewa kwenye uzee wa kanisa, na jina la mwongo likikukaa katika vijiji vile halioshwi hata na ziwa lenyewe. Na mimi ndiye niliyemzungushia. Nikajisikia vibaya, haki ya nani.

"Bwana Onsongo," nikasema, "mtu hafungwi kabla hajaulizwa. Twende tumwone."

Alinung'unika kuhusu petroli, lakini Alhamisi alfajiri tulikuwa kwenye Landrova. Barabara ya ufuoni ilikuwa imemezwa na maji, tukazunguka kwa Ndhiwa, na huko tukakwama kwenye tope. Yeye aliketi kwenye usukani, mimi nikasukuma. Serikali mpya hiyo, na usawa wake! Tulipofika Kisegi nilikuwa na tope mpaka kwenye nyusi.

Mzee Cephas alitupokea mlangoni kwake, mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi. Mkewe, Phelesia, alinitazama akapiga makofi ya huruma.

"Yaye! Dada, umelima barabara nzima?"

Nikacheka, ingawa sikuwa na hamu ya kucheka. Onsongo alitaka kuiona rula mara moja. Nami nikaanza kuwafuata, maana niliijua rula ile kwa namba zake tu na nilitaka kuiona kwa macho. Cephas akasimama njiani.

"Dada atapumzika kwanza," akasema kwa upole. "Ataiona baadaye."

"Sijachoka," nikasema.

"Baadaye, dada. Nakuomba."

Nikabaki nimesimama na tope langu. Kumbe kuna kitu kule hataki nikione! Nikawaza: rula imevunjika, ama hata haipo, ama ameing'oa akatengenezea mlango. Hasira ikanirudia yote. Mtu anayesali vizuri namna ile!

Walirudi. Rula ilikuwepo, imesimama wima, na maji yalikuwa pale pale Cephas alipoandika asubuhi hiyo. Tukaketi kwenye kivuli cha nyumba, Onsongo akatandaza grafu yangu juu ya kiti, duara nyekundu zote zikatazama juu.

"Mzee," akasema, "siku sita namba zako ni nzuri kuliko za kituo chochote. Ya saba imeharibika. Jumamosi nani anasoma?"

Cephas aliitazama ile grafu kwa muda mrefu. Nilimwona akiielewa, nilimwona akishangaa, tena akishangaa kweli. Halafu uso wake ukafunga.

"Namba ni zangu. Niliziandika mimi."

"Sikuuliza nani aliandika. Nani alisoma?"

Cephas akatazama upande wa ziwa.

"Uliisoma rula siku ya Sabato?"

"Sikuisoma."

"Kwa hiyo ulibuni."

"Sikubuni."

"Basi nani?"

Akainama, akanyoosha kona ya grafu iliyokunjika. Nilitaka kumtikisa. Sema kitu, mzee! Sema ulikuwa mgonjwa, sema chochote!

"Bwana Onsongo," akasema mwishowe, "andika unavyoona. Mimi sina la kuongeza."

Onsongo alikunja grafu. Hakufurahi. "Nakupa mpaka tutakapoondoka jioni," akasema. "Ukibaki hivyo, nitaandika kwamba zimebuniwa, na ujue nitakuwa sina njia nyingine."

Cephas akainamisha kichwa, akaingia ndani. Nilisikia kiti kikilia alipokaa, basi. Nilitamani penseli yangu nyekundu niivunje vipande.

Phelesia alikuja na kanga na kipande cha sabuni. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini hakusema lolote kuhusu mumewe.

"Twende ukaoge, dada. Tope likikauka litakupasua ngozi."

Njia ya ziwani iligawanyika mbele ya mwamba mkubwa. Niliona ncha ya rula ikichungulia nyuma ya mwamba, upande wa kulia, nikageukia huko. Phelesia akanishika mkono kwa nguvu.

"Si huko! Huko ni kwa wanaume. Asubuhi wanaoga."

Kweli, nikasikia vicheko vya wanaume na maji yakipigwa. Nikarudi nyuma haraka, uso unawaka. Kumbe ndiyo sababu mzee alinizuia! Alikuwa ananisitiri tu, na mimi nimemtengenezea mlango wa kuiba. Nikajionea haya kidogo, lakini Jumamosi zilikuwa bado hazijaelezeka.

Upande wa wanawake kulikuwa na mama mmoja, mnene, rozari shingoni, anasugua sufuria kwa mchanga kana kwamba sufuria imemtukana. Phelesia alimsalimu kwa heshima, akaniambia huyu ni mama yake, Filister, halafu akarudi kupika. Nikaingia majini. Mama alinitazama nikijisugua, akasema kwa Kiswahili chake:

"Wewe ndiye nyar Kisii, huyo binti wa Kisii anasoma karatasi ya rula?"

"Ndimi, mama."

"Haya. Na namba yangu umeionaje?"

Sabuni ilinitoka mkononi ikazama. "Namba yako gani, mama?"

"Ya Jumamosi! Hawa watu wa Sabato siku hiyo hawafanyi kitu, hata kijiko hawaoshi. Mimi ni Mkatoliki, siku yangu ni Jumapili. Phelesia aliniomba, nikasema sawa. Naenda, naangalia maji imeshika wapi, naweka kichwani. Jua ikizama namwambia Phelesia, Phelesia anaambia bwana yake, yeye anaandika." Akasugua sufuria mara mbili. "Namba nilisoma kwa mapadri. Mimi si mjinga."

Nilisimama katikati ya maji nimepigwa na butwaa. Halafu, Msabato mimi, badala ya kushukuru nikaanza mambo ya dini.

"Lakini mama, amri yetu inakataza hata mgeni aliye ndani ya malango asifanye kazi."

"Malango gani?" akaruka. "Mimi ni maro wake! Mama mkwe analala kwa boma ya mkwe wapi? Nyumba yangu ilimezwa na maji, nikakuja hapa, lakini nalala kwa shemeji yangu kule ng'ambo ya njia. Mimi siko kwa malango ya mtu!"

Ala! Nikacheka mpaka nikameza maji. Mzee wa kanisa alikuwa amelipima jambo hili kutoka Kutoka mpaka Ufunuo. Lakini inchi mbili hazikuwa zimeelezwa bado, na jioni ilikuwa inakuja.

"Mama, unakwenda saa ngapi kwenye rula?"

Hapo Filister aliacha kusugua. Akatazama nyuma, akatazama pembeni, akashusha sauti.

"Wewe umeona rula iko wapi. Asubuhi pale ni wanaume tupu, kama walivyozaliwa. Na asubuhi ya Sabato ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu wale wa kanisa wote wanataka kung'aa. Mkwe wangu ndiye wa kwanza kwa maji. Unataka nimwone? Nimwone mkwe wangu hivyo, halafu niishi wapi? Si nitahama hata Kenya! Nangoja mpaka wote wametoka, chakula ya mchana imeliwa, hakuna mtu. Saa tisa, saa kumi, ndio naenda."

"Na yeye anajua?"

"Nimwambie nini? Ati sikuenda asubuhi kwa sababu ya uchi yako? Wewe nyar Kisii, kwenu mnaongea hivyo na wakwe?"

Hatuongei hivyo. Kwetu hata mkwe kupita karibu na kitanda cha mama mkwe ni kesi. Nilitoka majini nusu nimeoga, nimefungwa kanga, akili inakimbia. Saa tisa, saa kumi! Wakati huo upepo wa ziwa umeshavuma saa nzima, unayasukuma maji kwenye ghuba, na maji yanapanda mwambani. Ndiyo maana kanuni yetu inasema asubuhi, kabla ya upepo. Mama huyu hakukosea hata namba moja. Alisoma ziwa jingine kabisa, ziwa la alasiri.

Lakini mimi ni karani wa kukagua, na maneno matamu pia hukaguliwa. Tulikula, tukangoja. Onsongo alilala kwenye kiti. Cephas hakutoka ndani. Upepo ulipokuwa umepiga mabati ya jikoni kwa saa nzima, nilimfuata Filister mpaka upande wa kulia wa mwamba, ambako hakukuwa na mtu. Aliikaribia rula, akainama, akafumba jicho moja.

"Soma wewe kwanza," akaniambia, "usije ukasema nimekudanganya."

Nikasoma. Maji yalikuwa juu ya alama ya asubuhi kwa inchi mbili na nusu kasoro kidogo. Nikasoma tena. Nikamkumbatia mama wa watu, akapiga ukelele kwamba namwangusha majini. Loo, nilivyoshusha pumzi! Mzigo niliokuwa nimeubeba tangu Homa Bay ulianguka pale mwambani, nikajisikia mwepesi, nikaanza kucheka peke yangu.

Halafu nikakumbuka jambo jingine. Meno ya msumeno hayakuwepo tangu mwanzo. Yalianza baada ya rula ya kwanza kuzama, ofisi yetu ilipokuja kusimamisha nyingine. Nani aliyechagua mahali? Nilimwamsha Bwana Onsongo, nikampeleka nyuma ya Landrova ambako Cephas hangesikia, nikamweleza yote, kuanzia kwenye rozari mpaka kwenye uchi. Alisikiliza mdomo wazi.

"Mwamba huu," akasema polepole, "niliuchagua mimi. Niliona ni imara. Nilikuja alasiri, hakukuwa na mtu, sikuuliza chochote." Akafunika uso kwa mikono miwili. "Bosibori, nimempeleka mama mkwe wa mtu kwenye bafu la wanaume!"

"Kwa amri ya serikali," nikasema.

Akaanza kucheka, akajizuia, ikashindikana, akaegemea Landrova akicheka mpaka machozi yakamtoka. Nami nikamsindikiza. Tulipomaliza alijipangusa, akaweka tai sawa, akawa mkubwa tena.

"Namba zinabaki," akasema. "Zote. Za Jumamosi utaziandikia 'alasiri' pembeni. Kwa kweli zinatufaa, hakuna kituo kingine kinachotuonyesha upepo unafanya nini." Akasita. "Lakini nitamwambiaje yule mzee bila kumwaibisha?"

"Mwambie kosa ni la mwamba."

Ndivyo alivyofanya. Alimwita Cephas nje, akampa mkono, akamwambia: "Mzee, namba zako ni safi, hata za Jumamosi. Zilisomwa alasiri, upepo ukiwa umesukuma maji. Rula tuliiweka mahali pabaya, na kosa hilo ni langu. Sitaki kujua zaidi. Nisamehe."

Cephas alimtazama, akanitazama mimi, akaketi kwenye ngazi ya mlango. Machozi yalimtiririka na hakuyaficha. Phelesia akakimbia kutoka jikoni, na nyuma yake, kwenye ua wa majani, niliona kanga ya Filister. Alikuwa amesimama nje ya boma, kama inavyompasa, lakini masikio yalikuwa ndani.

Sikuweza kujizuia. "Mzee," nikasema, "kwa nini hukusema tu? Neno moja lingekuokoa. Tulikuwa tunakwenda kukuita mwongo mbele ya dunia nzima!"

"Ningesema neno hilo, dada, Bwana Onsongo angemwita," akasema. "Ni haki yake, ni kazi yake. Mama angesimama hapa mbele yangu aulizwe maswali kama aliyeiba kuku. Mama aliyepoteza nyumba yake, anayenisaidia bila kuombwa mara mbili." Akatikisa kichwa. "Afadhali mimi niitwe mwongo. Mimi ningezoea."

Nje ya ua kukasikika kikohozi, halafu sauti ya Filister, kali, inayotetemeka kidogo, si kwa mkwe wake bali kwa binti yake, kama heshima inavyotaka.

"Phelesia! Huyu bwana yako nilimkataa mwaka mzima. Nilisema mtu wa Sabato hataingia kwa familia yangu. Nililia mpaka siku ya harusi. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, mama."

"Mwambie nimekoma. Mwambie leo nimempa wewe, kwa moyo yangu yote."

Phelesia aligeuka, akamweleza mumewe neno kwa neno, ingawa ua ule wa majani haukuzuia hata punje ya maneno hayo. Cephas alisikiliza mpaka mwisho kana kwamba anayasikia mara ya kwanza. Akasimama, akavua kofia, akaelekea upande wa ua bila kuinua macho.

"Mwambie mama nimepokea," akasema. "Na umwambie Jumamosi aende saa yake ile ile, asiharakishwe na mtu."